Mama Alikataa Mara Mbili

Mama yangu alijua maana ya kukatwa mguu kabla daktari yeyote hajamweleza. Dada yake mkubwa, aliyeolewa upande wa Mkalama, alikatwa vidole, baadaye mguu mmoja chini ya goti, baadaye tena mguu wa pili juu ya goti, yote kwa sababu ya sukari. Kila kilichokatwa kililetwa nyumbani kimefungwa kwenye kitenge, kikazikwa pembeni ya shamba la mtama. Wanaume walichimba kimya kimya, kwa sababu hakuna ajuaye maneno gani husemwa mguu unapozikwa. Mwishoni akafa, akazikwa yeye mwenyewe. Mama alikwenda huko mara zote hizo. Aliporudi mara ya mwisho alikaa jikoni na nguo zake za safari, akasema, "Dada yangu amezikwa kwa mafungu."

Kwa hiyo yeye mwenyewe alipoanza kuumwa sukari, hakuogopa sindano wala kuachishwa uji wa sukari. Aliogopa kitu kimoja, na hakukificha.

Tulizaliwa wengi, tuliobaki ni wawili: mimi na kaka yangu mkubwa. Kaka anaishi Dodoma, ni mtumishi wa serikali. Mimi nilirudi kwa mama, upande wa Kinampanda, ndoa yangu ilipovunjika, tukawa tunalima pamoja alizeti na vitunguu. Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mzima, lakini katika nyumba ile nilikuwa mtoto, na nilipenda kuwa mtoto. Mama alikuwa mwanamke wa maneno machache. Nyumbani tuliongea Kinyiramba. Kiswahili alikijua vizuri, ila alikitoa polepole, kama mtu anayechagua mbegu.

Kisiki cha alizeti ndicho kilichomchoma. Baada ya kuvuna, mashina yaliyokatwa hubaki ardhini yakiwa makali, na yeye alikuwa amevaa kandambili. Hakuhisi kitu, maana sukari ilikuwa imekwisha kumtia ganzi miguuni. Alikuja kugundua alipoona damu mlangoni akadhani ni ya kuku. Tukaosha, tukafunga. Zahanati wakamsafisha na kumpa dawa, lakini kidonda kikazidi kuchimba. Vidole vikawa vyeusi, harufu ikaanza, tukaandikiwa rufaa, na tukaishia kwenye hospitali moja mjini Singida ambayo sitaitaja.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanaume wa rika langu, mpole, mwenye mikono safi sana. Alimwamkia mama, akavuta kiti, akakaa. Sijasahau kwamba alikaa. Wengine walikuwa wakiongea wamesimama miguuni mwa kitanda.

"Mama, huu mguu umekwisha kufa," alisema. "Tukiuacha, sumu itapanda kwenye damu, na tutakupoteza. Tukiukata hapa, chini ya goti, utapona."

Mama aliuliza, "Usipokatwa, nitakaa muda gani?"

"Siwezi kusema. Sio muda mrefu."

"Na ukikatwa, hautakuja mwingine?"

Daktari alisita. "Ukifuata masharti, huenda usije."

"Huenda," mama alisema. Akamwambia habari za dada yake, yote, kwa Kiswahili chake cha polepole, na daktari akasikiliza. Kisha akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Umesema vizuri. Naomba uufunge, unipe dawa za maumivu, unirudishe kwangu. Nimeishi ya kutosha. Nataka kwenda nikiwa mzima."

Daktari akasema atarudi tuongee tena. Aliposimama alinipa ishara nimfuate. Kwenye korido aliniuliza, "Mwanaume wa familia ni nani?"

Nikamwambia baba alikwisha kufariki.

"Basi yupo mtoto wa kiume?"

Kaka alifika siku iliyofuata. Nataka nimtendee haki hapa. Hakuja kwa kiburi. Alikuja na uso uliovimba kwa kulia njiani, akainama akamkumbatia mama, na harufu ya mguu ilipompata alitoka nje kutapika. Alinikuta pale penye mabomba ya maji ndugu wa wagonjwa wanapofulia nguo.

"Siwezi kukaa namtazama mama yangu anaoza," aliniambia.

"Hataki."

"Anaogopa tu. Kila mtu anaogopa."

"Haogopi. Amewaza. Amemweleza daktari."

"Wewe umekaa naye sana," kaka alisema. "Umeanza kuwaza kama yeye."

Mchana huo homa ya mama ilipanda, akaanza kumwita baba. Alimwita kwa sauti ya kawaida tu, kama anavyoitwa mtu aliye uani, amwambie mbuzi wameingia shambani. Muuguzi alisikia, kaka alisikia. Jioni homa ilishuka, mama akaniuliza kama jirani amekumbuka kuwafungia kuku walioatamia. Akili yake ilikuwa imerudi yote. Lakini waliokuwepo mchana walikwisha kuondoka na walichokisikia.

Tukaitwa kwenye chumba cha daktari, mimi na kaka. Daktari alisema mgonjwa amechanganyikiwa, kwamba hawezi tena kujiamulia, na kwa hali hiyo ndugu wa karibu anaweza kusaini.

"Alikuwa na homa," nilisema. "Sasa haipo. Kamuulizeni sasa."

"Nimemuuliza. Anachukua muda mrefu kujibu."

"Anatafsiri, daktari. Anawaza kwa Kinyiramba, halafu anatafuta Kiswahili chake. Ndivyo alivyo siku zote. Muulizeni kwa Kinyiramba."

"Mimi sikijui."

"Mimi nakijua."

Aliniangalia kwa upole uleule. "Dada, wewe una upande wako katika jambo hili."

Ilikuwa kweli, nilikuwa na upande. Ila kaka naye alikuwa na wake, na yeye ndiye aliyepewa kalamu. Hakusaini palepale. Alisema anahitaji kufikiri, nami nikapata moyo. Asubuhi akaniambia mama anasikia baridi, niende nyumbani nikalete mablanketi na nguo zake nyingine, na niangalie nyumba. Nikaenda. Niliporudi siku ya pili nimebeba mfuko wa nguo, kitanda cha mama kilikuwa kimehamishwa, na shuka lilikuwa limelala bapa mahali ambapo mguu ungekuwa.

Jinsi ilivyokwenda nilielezwa na mama mwenyewe. Walimwambia wanampeleka chumba cha upasuaji kusafisha kidonda. Kaka ndiye aliyemwambia, amemshika mkono. Mama akauliza, "Kusafisha tu?" Kaka akasema, "Kusafisha tu, mama." Akakubali, kwa sababu kidonda kilikuwa kinanuka na alikuwa anawaonea aibu wagonjwa wa pembeni. Alipozinduka alipapasa shuka kwa mkono, akapapasa tena. Hakulia. Alimuuliza muuguzi, "Mguu wangu uko wapi?"

Muuguzi akasema ndugu wameupata. Kaka akasema hospitali wameuhifadhi. Mimi nilipofika akaniuliza mimi, nami nikaenda kuuliza. Mhudumu mmoja wa kiume, aliyekuwa akisukuma toroli la taka, alinionyesha kwa kidole jengo dogo la matofali lenye bomba la moshi nyuma ya jikoni. Ndugu akishasema hauhitaji, alisema, unachomwa huko pamoja na mabandeji na mabomba ya sindano. Alisema kama mtu anayeelekeza choo kilipo. Sikumlaumu, ndiyo kazi yake.

Nilirudi nikamwambia mama ukweli. Sikuona sababu ya uongo wa pili.

Akasema kwa Kinyiramba, "Hata dada yangu walimzika."

Nilimfuata kaka nje. Aliapa kwamba hakuwaza, kwamba walimuuliza haraka naye akiwa na hofu, akasema fanyeni mnavyofanya. Namwamini. Tangu zamani kaka ni mtu wa kusema fanyeni mnavyofanya. Lakini mama alitaka kilichokuwa chake kilale karibu na kaburi la baba, kama ilikuwa lazima kitangulie, na hata hilo dogo hakuulizwa.

Halafu akapona.

Hapo ndipo uchungu wangu unapokosa pa kukaa. Kama angekufa kwenye kile chumba, watu wangesema walikosea, nami ningeomboleza kama wanavyoomboleza wengine. Hakufa. Kidonda kilifunga, homa ikaisha, sukari ikashuka. Tukarudi nyumbani na magongo, na baadaye kaka akaleta kiti cha magurudumu ambacho hakikuweza kutembea kwenye mchanga wa uani kwetu. Kila aliyekuja kutuona alisema mama ameokolewa. Usharika ukafanya ibada ya shukrani. Kaka alikuja na mke wake na watoto, akasimama mbele akaeleza jinsi wengine walivyokata tamaa na yeye akasimama imara. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akamwomba mama aseme neno.

Mama alisema akiwa ameketi. "Namshukuru Mungu kwa mvua ya mwaka huu," alisema. "Hayo mengine waulizeni walioyafanya."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa kizee.

Tangu hospitali hakumwitikia tena kaka salamu yake. Kaka alikuja likizo, akainama, "Shikamoo mama," naye mama akamtazama usoni vizuri, bila hasira, akasema, "Umefika." Basi. Kwetu mzazi asipoitikia shikamoo ya mwanawe, kila aliye karibu hunyamaza. Wake wa majirani walinyamaza. Kaka akajifanya kuuliza habari za mavuno. Mama akamjibu habari za mavuno. Chakula alimwandalia, na baraka za kusafiri alimpa. Marahaba ndiyo hakuipata.

Sisemi mama hakuwa na siku nzuri katika ile miaka. Alikuwa nazo. Mtoto wa kwanza wa kaka alijifungua, akamleta kichanga Kinampanda, na mama alimpakata asubuhi nzima akimwimbia nyimbo ambazo mimi sijawahi kuimbiwa. Aliketi mkekani akipukuta alizeti kwa fimbo, haraka kuliko mimi. Siku moja alicheka mpaka machozi yakamtoka kwa sababu ya jogoo aliyeogopa gongo lake. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nikiyaficha nitakuwa kama wao. Lakini pia nilimbeba kwenda chooni kila siku, na kila mara aligeuza uso pembeni. Mama aliyenifundisha kuoga hakunitazama usoni mpaka nilipomketisha tena kitini.

Nilikutana na yule daktari mara moja katika kipindi hicho, siku nilipompeleka mama kliniki ya sukari. Alitutambua. Akafurahi, akaliangalia kovu, akalisifu. Mama alitazama dirishani muda wote. Wakati muuguzi anampima presha, nilimfuata daktari mlangoni.

"Mlimdanganya," nilimwambia.

Hakukana. "Ndugu zake ndio waliozungumza naye. Dada, mama yako yu hai. Unanilaumu kwa hilo?"

"Alisema hapana. Alikwambia wewe, umekaa kwenye kiti."

"Wengi husema hapana," alisema. "Kila wiki. Halafu wanapona, wanakuja na kuku kunishukuru."

"Na wasioshukuru?"

Alifikiri. Naona alifikiri kwa kweli. "Hao hawarudi," alisema. "Siwezi kujua."

Kisha akaitwa wodini.

Kidonda cha mguu wa pili kilianza kisigino, bila kuchomwa na chochote. Mama alikiona kabla yangu, akakaa nacho bila kusema mpaka alipokuwa amemaliza mambo yake. Jambo la kwanza alilofanya ni kumwita mjomba, mdogo wake, kutoka kijiji cha jirani. Kwa Wanyiramba wa zamani mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, na ingawa siku hizi watu wanafuata baba, neno la mjomba bado lina uzito. Alikuja na fimbo yake, mzee mrefu, mkavu, mwenye kikohozi. Mama akanifanya nikae nisikie.

"Nimekuita usikie kwa masikio yako," alimwambia. "Mara ya kwanza nilimwambia daktari mbele ya binti peke yake, ikaonekana sijasema. Sitaki kukatwa. Sitaki kupelekwa hospitali. Nikipandwa na homa nikaanza kumwita marehemu, msiseme nimechanganyikiwa. Nimeyasema haya nikiwa sina homa. Nishike kichwa."

Mjomba akamgusa paji la uso. "Huna homa," alisema.

Nilimpigia kaka simu mimi mwenyewe. Sikutaka aje kusema alifichwa. Alifika na gari la kukodi. Mjomba alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda.

"Shikamoo mjomba. Nimekuja kumchukua mama."

"Marahaba. Amekataa."

"Mjomba, mama ni mgonjwa."

"Mgonjwa ana mdomo. Ingia akwambie."

Kaka aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda. Mimi nilikuwa mlangoni na mjomba nyuma yangu.

"Mama, nakuomba," alisema. "Mara ile ulipona. Umeishi. Umempakata kitukuu chako. Hukufurahi?"

"Nilifurahi."

"Basi sasa kwa nini unakataa?"

Mama alimwekea mkono kichwani. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa hivyo tangu hospitali. "Mwanangu, ungenibeba kwa nguvu nikiwa napiga kelele, ningekusamehe siku ileile. Ningesema, amenipenda kuliko alivyoniheshimu. Lakini ulinishika mkono ukaniambia mnasafisha. Tangu hapo sijui mkono wako unaposhika unasema nini."

Kaka alilia. Hakusema samahani. Labda hakuona kosa, labda neno lilikwama. Aliondoka na lile gari jioni hiyohiyo.

Nilidhani tumeshinda. Sikujua kwamba kukataa kisu kuna adhabu yake.

Maumivu ya mguu ule hayakuwa kama ya mguu wa kwanza. Ganzi ya sukari ilikuwa imemwacha mahali pasipotakiwa. Muuguzi wa zahanati alikuja kusafisha na kufunga, akaacha vidonge alivyokuwa navyo, vilevile anavyompa mtu mwenye kuumwa kichwa. Mama aliuma upindo wa kitenge mpaka ukachanika. Muuguzi akaniambia ipo dawa ya kweli ya maumivu ya namna hii, ila zahanati haipewi, niende hospitali.

Nikaenda Singida. Nikampata daktari yuleyule.

"Mlete," alisema.

"Hataki kuja. Amesema hivyo mbele ya mashahidi. Naomba dawa ya maumivu tu."

"Siwezi kutoa dawa ya namna hiyo kwa mgonjwa nisiyemwona. Ina sheria zake."

"Mkimwona mtamkata."

"Sisi hatumlazimishi mtu."

Nilimwangalia. Akashusha macho kwenye makaratasi yake, na masikio yake yakabadilika rangi. Aliniandikia vidonge vingine vilivyokuwa na nguvu kidogo kuliko vya kwanza. Alisema anasikitika, na nadhani alisikitika. Nikarudi nyumbani na zile dawa, nikiwa nimeelewa jambo ambalo hakuna aliyenisomea popote: akikubali wanachotaka, ataletewa kila kitu, akikataa hilo moja, amekataa vyote.

Siku zilizofuata sitazieleza. Mjomba alikuwa anatoka nje anaenda kukaa nyuma ya zizi ili asisikie. Mara moja mama aliniambia, "Labda niende wanikate, angalau watanichoma sindano." Halafu akasema, "Hapana. Usinisikilize." Nikakaa na maneno hayo mawili, nisijue lipi ni lake na lipi ni la maumivu. Kama daktari angekuwepo wakati huo angesema, unaona? Na mimi nisingekuwa na la kumjibu.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyeniambia kuna hospitali ya kanisa, mbali kidogo, yenye watu wanaozunguka majumbani kwa wagonjwa wasiopona. Hakuwa amekumbuka mapema, maana hakuna aliyewahi kumwomba. Akapiga simu. Baada ya siku kadhaa akaja mama mmoja wa makamo, muuguzi, amepakiwa kwenye pikipiki, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Alimwamkia mama, akamuuliza anaitwa nani, anatoka ukoo gani, na wakakuta wanafahamiana kwa mbali. Alimuuliza kwa Kinyiramba anachotaka. Mama akamweleza. Yule muuguzi akaandika, akachukua chupa ya dawa ya maji kwenye mkoba, akanionyesha jinsi ya kupima na mara ngapi, akasema nisimwache asubiri mpaka maumivu yarudi.

Dawa ilifanya kazi kabla chai haijapoa. Mama alinyoosha vidole vya mikono alivyokuwa amevikunja muda wote. Alilala kidogo, akaamka, akaiangalia ile chupa juu ya meza.

"Kumbe dawa hii ilikuwepo," alisema.

Sijawahi kusikia neno chungu kuliko hilo, na mama hakulisema kwa uchungu. Alikuwa anashangaa tu, kama mtu aliyetembea njia ndefu akaonyeshwa ya mkato.

Kaka alipata habari kwa watu. Akanipigia. "Unampa mama madawa ya kulevya," alisema. "Unamlaza ili afe mapema."

"Njoo umwone."

"Sitakuja kuangalia mnavyomuua."

Hakuja. Mama alikuwa na wiki chache za kuongea vizuri. Alieleza nani apewe vyombo vyake, akaniambia shamba la chini litajaa maji nisipochimba mfereji, akaomba mlenda, akala kidogo. Alinisimulia jinsi baba alivyomposa. Alifariki mchana, mimi nikiwa uani nageuza alizeti kwenye turubai. Niliingia kumuuliza kama anataka maji, nikakuta amekwisha kwenda, uso umelegea. Mjomba akaja, akamfumba macho. Tukamzika karibu na baba.

Kaka alikuja mazikoni na ndiye aliyesoma historia ya marehemu. Alisoma vizuri, ana sauti. Alieleza kuzaliwa kwake, ndoa yake, watoto aliowazika. Alieleza jinsi Mungu alivyomwokoa mara ya kwanza kwa mikono ya madaktari. Kisha akasoma kwamba mara ya pili marehemu alifariki nyumbani baada ya kukosa huduma ya hospitali. Hakunitaja. Hakukuwa na haja, kwa sababu kila mtu aligeuka akanitazama. Mwanamke mmoja aliyekuwa amenishika bega aliondoa mkono wake taratibu, kama anayetaka kujikuna.

Baada ya matanga kilikaa kikao cha ukoo. Kaka akaniuliza mbele ya wote, "Nani alikupa ruhusa ya kumnyima mama matibabu?"

"Mwenye mwili," nilisema.

"Angekuwa hai mpaka leo."

"Ndiyo," nilisema. "Labda angekuwa hai."

Alitegemea nibishe. Nilipokubali akakosa pa kwenda. Mjomba akaingilia, akasema yeye alisikia kwa masikio yake, kwamba lawama igawanywe na yeye achukue fungu kubwa. Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema siku hizi watu wanajifanya Mungu. Hakufafanua anamsema nani, kaka, daktari, au mimi, na kila mmoja akaona ni mwenzake. Kikao kikafungwa kwa sala.

Mimi na kaka hatuzungumzi isipokuwa kwenye misiba. Mwaka huu yule muuguzi wa pikipiki aliniomba nimsindikize kwenye nyumba moja upande wa huko bondeni. Kuna mzee mwenye kansa ya koo, amekataa kuwekewa mpira tumboni wa kumlishia, na wanawe hawajui wafanye nini. Aliona nikienda mimi, niliyepitia, watapata nguvu.

Nilikwenda. Mzee alikuwa ameketi juani, mwembamba sana, akanitikisia kichwa nilipomwamkia, maana sauti haikuwepo. Binti yake alinichukua pembeni, jikoni, macho mekundu kwa moshi na kwa kulia.

"Dada, ulijuta?" aliniuliza.

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia najutia zile siku kabla ya dawa kufika, na kwamba sijui kama zitanitoka kichwani. Nilimwambia watu watamtazama. Nilimwambia atabaki na swali, na hakuna mtu atakayemsaidia kulibeba. Sikumwambia la kufanya. Alinishukuru, akanifungia mayai kwenye kanga ya zamani.

Kesho yake muuguzi alinipigia simu. Wanawe walikwisha kukodi gari alfajiri wakampeleka mzee hospitali, wakiwa wamemwambia anakwenda kupigwa picha ya kifua.